Dira Isiyo na Kibao

Mzee Marcelino Chitanda alikuwa na ugonjwa mmoja ambao Kariakoo yote iliujua: hawezi kutamka neno "hakuna." Miaka thelathini na mbili alikuwa amekaa kwenye fremu yake ya geji na vipimo, kichochoro cha tatu ukitokea Mtaa wa Msimbazi, na neno hilo halikuwahi kumtoka. Ukimpelekea geji ya lori ambalo kiwanda chake kilifungwa kabla hujazaliwa, atakuambia, "Kaa hapo, kunywa maji kwanza," kisha atapotea nyuma ya rafu, utasikia makopo yanagongana, na atarudi na geji. Kama siyo yenyewe, ni ndugu yake.

Na itakuwa inang'aa. Kitu kikiingia kwa Mzee Marcelino kimepauka, kina stika za watu na mikwaruzo ya safari, hakitoki hivyo. Atakipiga msasa, atakipulizia rangi, kioo atakisugua kwa dawa ya meno mpaka ujione uso. Mwisho atang'oa kibao. Hicho kibao kidogo cha bati chenye jina la kiwanda na namba ndicho adui wa kila anayeuza vitu vilivyotumika, maana mteja akikiona tu maswali yanaanza: hii ilikuwa ya nani, mbona namba imekwaruzika, isije ikawa ya wizi nikalala ndani bure. Kikitoka kibao, maswali nayo yanakwisha. Wengi pale sokoni hufanya hivyo, wala hakuna anayeona haya. Marcelino alikifanya kwa tupa na kwa subira, kama anayemtoa mtoto mwiba, na kila kibao alichong'oa alikidondosha kwenye kopo la maziwa ya unga chini ya meza. Hakujua anaviwekea nini. Alikulia Masasi, kwenye nyumba ambayo bati lilikuwa halitupwi.

Jumanne moja ya mwezi wa nne, mvua ikiwa imenyesha siku sita na Jangwani imekuwa ziwa, simu yake iliita saa mbili na nusu asubuhi. Alikuwa Benedict, mkwe wake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbona sauti hiyo?"

Benedict na mkewe Celina walikuwa walimu wa shule ya msingi huko ndani ndani, upande wa Liwale. Celina ndiye mtoto pekee wa Marcelino. Mama yake, marehemu Candida, alimwacha ana miaka kumi na mmoja, na tangu hapo baba mtu amemlea mwenyewe, amemsuka nywele mwenyewe, vibaya, mpaka majirani wakamwonea huruma. Sasa Celina alikuwa na mimba ya miezi minane, ya kwanza.

"Presha imepanda, baba. Amevimba toka miguuni mpaka usoni, na kichwa kinamgonga. Nesi anasema ni dalili za kifafa cha mimba, inabidi apasuliwe Mtwara, leo hii. Hapa kituoni hawapasui. Dawa ya kuzuia degedege iliyopo itatosha mpaka usiku tu."

"Sasa mnasubiri nini? Mpakie kwenye gari!"

"Gari lipite wapi, baba? Daraja liliondoka juzi. Upande wa pili ni maji matupu."

Marcelino alikaa kwenye stuli bila kujua amekaa. Benedict akaendelea haraka haraka, kama anayeogopa salio litaisha. Kulikuwa na shirika moja dogo la kujitolea lenye kindege cha injini moja, viti vinne, kinachotua kwenye kiwanja cha nyasi cha misheni. Kindege kilikuwa Dar. Nesi alishaongea na rubani, na rubani amekubali. Anaitwa Anselmi, na amepewa namba ya baba.

"Basi Mungu yupo," alisema Marcelino, na kweli moyo wake ulishuka mahali pake.

Ulikaa hapo kwa dakika kumi na tano.

"Shikamoo, mzee. Mimi Anselmi, rubani. Wewe ndiye baba wa mgonjwa wa Liwale?"

"Ndiye mimi. Umeshapaa?"

"Bado, mzee wangu. Mafuta ninayo, mawingu yanapitika. Ila dira imevuja usiku. Yale maji yake ya ndani yamemwagika yote, sahani imekwama. Fundi amegoma kuiruhusu ndege."

"Dira tu?"

"Dira tu."

Anselmi akamweleza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kubishana asubuhi hiyo na kushindwa. Ndege ndogo kama ile haidaiwi mambo mengi. Vitu vyake vya lazima haviijazi hata karatasi moja: kipima mwendo, kipima mwinuko, dira, geji ya mafuta, geji ya oili, mikanda ya viti, na vingine vichache vya namna hiyo. Taa moja ya ndani ikifa utaruka, redio ya pili ikifa utaruka. Lakini kimoja kati ya vile vya lazima kikikosekana, ndege inabaki chini hata kama injini inaimba.

Marcelino hakuwa anasikiliza tena. Alikuwa ameinua macho kwenye rafu ya kioo, ile ya mapambo, anapoweka vitu vya kuwatambia wateja. Pale katikati, kwenye kiboksi alichokitandika kitambaa chekundu, palikaa dira ya ndege, ukubwa wa chungwa la Muheza, nyeusi tii, kioo kimetakata. Aliiokota miezi minane iliyopita kwenye mnada wa mabaki ya klabu moja ya kurushia ndege iliyofungwa, ndani ya kreti la takataka. Watu wa boti waliikataa, ndogo. Watu wa malori waliicheka.

"Ndege yenu aina gani?"

Anselmi akaitaja. Jina lilikuwa lile lile lililoandikwa kwenye kreti.

"Ninayo," alisema Mzee Marcelino.

"Mzee, usinitanie."

"Ninayo hapa, inanitazama."

Rubani akacheka kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo. "Usiiguse. Nakuja na fundi, ni lazima aione kwa macho yake."

Usiiguse! Ingekuwa vizuri kama mtu angemwambia hivyo miezi minane nyuma.

Walifika saa nne kasoro kwa bodaboda mbili, wamelowa. Anselmi alikuwa kijana mrefu wa miaka kama thelathini na tano, haachi kutazama saa. Fundi alikuwa mwanamke, jambo ambalo Marcelino hakulitegemea, mfupi, koti la mvua limemzidi, mkoba wa turubai begani. Aliitwa Joyceline, mtu wa Rombo, na yeye ndiye aliyekuwa na leseni ya kutia saini kwamba ndege inafaa kuruka. Bila saini yake hakuna mnara wa kuongozea ndege utakaomruhusu Anselmi hata kuwasha injini.

"Shikamoo, baba," alisema, akapiga goti kidogo. "Pole sana na mgonjwa."

"Marahaba, mwanangu. Asante. Hii hapa."

Sabaha, jirani wa fremu ya pili anayeuza kanga na mapazia, alikuwa ameshasikia habari yote kupitia ukuta wa mbao, akaja na viti viwili ambavyo hakuna aliyevikalia. Joyceline aliipokea dira kwa mikono miwili. Aliitazama kwa tochi ndogo, akatafuta ufa, akatafuta kiputo cha hewa ndani ya maji, hakuona.

"Tutoke mlangoni," alisema. "Humu ndani vyuma vimezidi."

Walisimama kizingitini, mvua ikiwarukia viatu. Marcelino mwenyewe ndiye aliyeielekeza dira upande wa Jangwani. Sahani ya ndani ikaelea, ikayumba kidogo, ikatulia, na herufi ya kaskazini ikaja katikati ya dirisha. Akaigeuza kuelekea Posta, ikafuata. Akairudisha, nayo ikarudi. Joyceline aliilinganisha na dira yake ya mkononi mara tano, na kila mara zilisema neno moja.

"Ni nzima," alisema. "Na aina ni yenyewe."

"Si nilikuambia!" Anselmi alikuwa ameshatoa simu ili awapigie uwanjani.

"Karatasi yake iko wapi, baba?"

"Karatasi gani?"

"Kifaa cha ndege hakitembei peke yake. Kinakuwa na karatasi inayosema nani alikipima mara ya mwisho, lini, na namba yake ngapi. Bila hiyo siwezi kukifunga."

 Marcelino aliirudisha akili kwenye kreti lile, kitu kimoja baada ya kingine. Kulikuwa na mabomba ya plastiki, aliyauza. Kulikuwa na mkanda wa kiti. Sabaha aliuchukua kufungia mzigo. Na kulikuwa na kadi moja ya manjano, ngumu, nzuri, si karatasi ya kutupa. Kadi nzuri namna ile angeifanyia nini?

"Droo!" alipiga kelele.

Walimwaga droo ya balbu sakafuni, balbu mia nne zikatawanyika hadi kichochoroni, na chini kabisa, imetandikwa kama kitambaa cha meza, ilikuwepo kadi ya manjano. Ilikuwa na duara la grisi katikati, lakini maandishi yalisomeka yote: jina la karakana, tarehe, saini, muhuri, namba. Tarehe ilikuwa bado hai. Sabaha alipiga vigelegele, na wapita njia wawili wakasimama kuuliza nani anaolewa. Anselmi alimkumbatia mzee hadi kofia ikamdondoka. Marcelino alicheka na kulia kwa pamoja, akasema maneno ambayo wanaomfahamu walishayazoea, kwamba duka hili halikosi kitu, waulizeni, halikosi kitu.

"Sasa tulinganishe namba," alisema Joyceline, "tuondoke."

Aliigeuza dira nyuma. Akaigeuza tena. Akapitisha kidole polepole kwenye rangi ile nyororo, na kidole kikasimama mahali palipokuwa na vitundu viwili vidogo vilivyozibwa vikapakwa rangi juu.

"Baba. Kibao kiko wapi?"

 Mzee Marcelino aliinama, akavuta kopo la maziwa ya unga, akalipindua.

Vibao vilimwagika kama dagaa. Vya pampu, vya geji, vya jenereta, vya mizani, vya mashine za kushonea, vya vitu ambavyo vilikwisha kwenda Mbagala, Lubumbashi na Moroni bila majina yao. Wote wanne waliinama mezani.  Anselmi alivisoma kimoja kimoja akivitupa pembeni, Joyceline ameshika kadi ya manjano mkononi, na Sabaha, ambaye macho yake yamezoea kutafuta kanga ya pili iliyopotezana na mwenzake, ndiye aliyekiona.

"Hiki hapa! Someni, hiki hapa!"

Namba ilikuwa ile ile. Tarakimu sita, zote. Kadi, kibao na dira vilikuwa vimelala mezani, havijaachana hata shubiri moja. Marcelino alishaokota nyundo ndogo. Alishachomoa kikopo cha ribiti, zile pini za kupigilia bati.

"Nipeni dakika tano tu," alisema, na mikono yake ilikuwa na furaha, iliijua kazi hii kuliko kazi yoyote duniani. "Tundu lipo lile lile. Nakirudisha, napitisha rangi kidogo, hutajua kama kiliwahi kutoka."

Joyceline aliitazama ile mikono. Aliitazama nyundo, na ribiti zilizopangwa kwa saizi, na lundo la vibao. Uso wake ulibadilika, na Anselmi aliuona unabadilika kabla mzee hajauona.

"Hilo ndilo tatizo, baba," alisema polepole. "Kwamba sitajua."

"Hutajua nini? Si hiki hapa, namba si hii hapa!"

"Hapa mezani kuna vibao mia tatu. Dakika tano tu unaweza kukipiga chochote kwenye dira yoyote, na mimi fundi mwenye leseni nikasimama hapa nisione. Kwa sababu hiyo kibao cha kifaa cha ndege kikishang'olewa, hakirudishwi. Kifaa kinahesabiwa hakina jina tena. Siwezi kukisainia."

"Lakini umeipima mwenyewe!"

"Nimeipima. Ni nzima. Na ninakuamini kwamba ni yenyewe."  "Ila kukuamini hakutoshi, baba. Kwenye kitabu cha ndege sina pa kukuandika."

Anselmi aliingilia kati. Alisema ana GPS, ana simu mbili, njia ya Liwale anaijua kwa macho, ataufuata mto. Alisema Joyceline ana moyo wa jiwe. Alisema mengine ambayo baadaye alimwomba radhi. Joyceline alimwacha amalize.

"Vyote ulivyotaja vinakula umeme," alimjibu. "Mwezi wa pili umeme wote wa ndege ulikufa, wewe uko ndani ya wingu juu ya Rufiji. Ulirudi na nini?"

Anselmi alitazama saa yake.

"Ulirudi na nini, Anselmi?"

"Na dira," alisema.

"Na safari hii kurudi utakuwa na mgonjwa na nesi wake. Dira hii imepigwa msasa na kupuliziwa rangi na mtu ambaye si fundi wa ndege. Nikikubali leo kwa sababu ni mtoto wa mzee, kesho nitakataa kwa nani?"

Ndipo Mzee Marcelino alipofanya jambo ambalo Sabaha alisema baadaye kwamba hatalisahau. Aliiweka nyundo chini, akaanza kushuka, taratibu, mkono mmoja umeshika meza, mzee wa miaka sitini na nne anampigia magoti binti anayelingana na mwanawe. Goti moja lilishagusa balbu za sakafuni, na moja ikapasuka. Joyceline alimdaka kwapani kwa nguvu zote.

"Usinifanyie hivyo, baba. Nakuomba. Utaniua." Alikuwa analia waziwazi sasa. Alimwinua, akamketisha, akatoka nje mvuani na simu yake, na kupitia mlangoni walimsikia akipiga huku na kule, akibembeleza, akifoka.

Alirudi na habari. Arusha kulikuwa na fundi mwenzake mwenye dira ya akiba, yenye kibao, yenye karatasi. Ingepanda ndege ya abiria ya mchana, ingefika Dar saa tisa. Kuifunga na kuizungusha ndege pande zote ili kuipima vilitaka saa mbili. Hapo ni saa kumi na moja jioni. Kwenda Liwale ni saa moja na nusu angani, na kiwanja cha nyasi hakina taa hata moja.

"Kwa hiyo?" aliuliza Marcelino, ingawa alishapiga hesabu.

"Kesho alfajiri, baba. Kukipambazuka tu, Anselmi anaondoka."

Dawa ilikuwa ya kutosha mpaka usiku tu.

Mchana ule Marcelino aliumaliza kwa miguu. Alikwenda Posta, kwenye ofisi moja ya ndege za kukodi, akasimama kaunta akidondosha maji kwenye vigae vyao, na dada wa pale akampigia simu rubani wao kwa adabu na huruma, kisha akamwambia kwamba ndege zao ni nzito, nyasi zilizolowa zitayameza magurudumu. Aliulizia helikopta; iliyokuwepo ilikuwa Rufiji inatoa watu juu ya mapaa. Alirudi Kariakoo akipita katikati ya watu wanaouza, wanaonunua, wanaomsalimia, "Mzee Halikosi, vipi leo?" Aliwaitikia wote. Alishindwa hata kukasirika, kwa sababu kila alipotafuta wa kumkasirikia alijikuta anaitazama mikono yake mwenyewe.

Saa tisa Celina alipiga mwenyewe.

"Baba, ile ndege ya huko Dar imeondoka?"

"Inakuja, mwanangu."

"Naona kama nyota nyota. Benedict anasema niache kuongea."

"Msikilize mumeo. Pumzika. Inakuja."

"Haya, baba. Wewe umekula?"

Akamwambia amekula.

Anselmi alipaa kukiwa na mwanga wa kwanza, saa kumi na mbili, dira ya Arusha mbele ya uso wake, saini ya Joyceline kwenye kitabu. Joyceline hakulala, aliikagua ndege yote mara mbili, hata vitu ambavyo hakuna aliyemwambia avikague. Saa moja na nusu gurudumu liligusa nyasi. Degedege lilikuwa limeanza saa kumi usiku. Walimfikisha Mtwara, wakampasua, wakamwokoa mama. Mtoto alikuwa wa kiume. Alikuwa ameshafariki tumboni, na daktari alimwambia Benedict bila kuficha kwamba jioni iliyotangulia bado angekuwa hai.

Benedict alimpigia mkwewe akamweleza hayo yote. Marcelino alisema asante kwa taarifa, kama anayeongea na mtu wa benki, akakata simu. Alifungua fremu kama kawaida kwa sababu hakujua mahali pengine pa kwenda. Sabaha alimletea chai, ikapoa. Alimletea nyingine. Mteja mmoja alikuja na geji ya presha anataka ing'olewe kibao, na Marcelino alimtazama muda mrefu mpaka yule mtu akaichukua geji yake akaondoka.

Siku ya tatu ndiyo Celina alipoweza kuongea. Sauti ilikuwa nyembamba, ya mtu anayetembea kwa kushika ukuta.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Marahaba, mama." Alikuwa akimwita mama, kwa kuwa alibeba jina la bibi yake mzaa baba. "Unaendeleaje?"

"Naendelea. Tumemzika hapa hapa Mtwara. Benedict amempa jina lako." Akavuta pumzi. "Baba, usilie."

"Silii."

"Rubani alikuja kuniona. Mtu mzuri sana yule. Nikamuuliza, kaka, ilikuwaje ukachelewa? Akaniambia ndege ilipungukiwa kitu kimoja kidogo, kinaenea kiganjani, dira. Dar es Salaam nzima haikupatikana, mpaka ikaletwa toka Arusha." Alicheka kidogo, kicheko kikamuuma kidonda. "Nikamwambia, kaka, ungejua tu. Baba yangu ana duka Kariakoo, duka la vitu hivyo hivyo, halikosi kitu. Ungemuuliza baba yangu. Akainamisha kichwa, akasema hakujua."

Marcelino alikuwa amesimama. Alijishika kwenye meza. Chini ya kidole gumba kulikuwa na vumbi la msasa, lile jeupe ambalo halitoki hata ukiosha.

"Baba? Upo?"

"Nipo."

"Nimelala hapa nawaza. Nawaza kama kweli wangekuja kwako." Sasa alikuwa analia, kimya kimya, kama alivyokuwa akilia utotoni ili baba asisikie. "Hebu niambie ukweli, niache kuwaza. Wangekuja, ungekuwa nayo?"

Mvua ilikuwa imekatika siku hiyo, na jua lilikuwa limeingia hadi kwenye rafu ya kioo. Dira ilikuwa pale pale kwenye kitambaa chake chekundu, nyeusi tii, inang'aa, herufi ya kaskazini imetulia katikati ya dirisha. Kadi ya manjano ilikuwa chini yake. Kibao kilikuwa juu ya kadi.

Mzee Marcelino alifungua kinywa, na neno lile likamtoka, kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na mbili.

"Hakuna, mwanangu," alisema. "Dukani kwangu hakuna."

Upande wa pili Celina alishusha pumzi ndefu, akamshukuru baba yake, akamwambia sasa atajaribu kulala.